Kansa ya kibofu iliyosambaa: mbona kemo inamkubali huyu inamkataa yule?

Hivi watu wawili wana kansa ileile ya kibofu cha mkojo, dripu ileile ya kemo (dawa za kuua seli za kansa), mmoja uvimbe unanywea mwingine hata haushtuki, inakuwaje?

Jibu refu kidogo, vumilia. Dawa kubwa ya kansa hii kwa miaka mingi ni sisplatini, Marekani waliipitisha 1978 na mpaka leo ipo, mara nyingi inaenda pamoja na dawa nyingine ya kemo, jemsitabini. Inachofanya inajibandika kwenye DNA ya seli, inagandanisha sehemu zisizotakiwa kugandana, kama zipu iliyong'ata kitambaa, seli ikitaka kugawanyika inakwama na ikikwama sana inakufa. Sasa seli nazo zina mafundi wao, protini zinazokata kipande kilichoharibika na kuweka kipya, kwa hiyo kama mafundi wako fiti dawa inabomoa wao wanajenga, uvimbe unadunda tu. Fundi akiwa mbovu, hapo ndo kemo inakula vizuri.

Na huyo fundi mbovu anajulikana?

Anayetajwa sana ni jeni inaitwa ERCC2, yaani maelekezo ya kutengeneza mmoja wa hao mafundi. Kuna utafiti ulitoka 2014, wagonjwa 50 waliopewa kemo yenye sisplatini kabla ya upasuaji, 25 iliwakubali vizuri 25 iliwagomea. Waliokutwa na ERCC2 iliyoharibika ni 9, na wote 9 walikuwa upande wa waliokubaliwa, upande wa pili hakuna hata mmoja. Baadae wengine wakaongezea jeni za ATM, RB1 na FANCC. Ila angalia, hao wa 2014 kansa yao ilikuwa imeingia kwenye msuli wa kibofu, sio imeshafika mapafuni au kwenye mifupa, kwa hiyo kuyabeba majibu yao yalivyo na kumpa mgonjwa wa hatua ya nne mi naona ni haraka mno.

Kwa hiyo nikipima ERCC2 nikakuta iko sawa basi kemo ni kupoteza muda?

Hapana jamani! Rudi kwenye hesabu, waliokubaliwa ni 25, wenye ERCC2 mbovu 9, maana yake 16 kemo iliwakubali bila hiyo. Halafu watu wanahangaika na jeni wakati mara nyingi kinachoamua ni figo. Uwezo wa figo kuchuja ukiwa chini ya ml 60 kwa dakika, au una ganzi kali mikononi na miguuni, masikio yamepungua, moyo umechoka, daktari kwa kawaida hatakupa sisplatini, atakupa kaboplatini ambayo kwa kansa hii nguvu yake ni ndogo zaidi.

Hizo jeni mbovu nitawarithisha watoto?

Mara nyingi hapana. Zimeharibikia ndani ya uvimbe wenyewe, na mharibifu mkubwa ni sigara. Wachache wanazaliwa na tatizo la kurithi kama sindromu ya Lynch, hivyo kama kwenu kansa za utumbo mpana au za mji wa mimba zimejirudia rudia, mwambie daktari.

Sa kipimo cha jeni kina faida gani?

Jeni ya FGFR3! Hiyo ndo ya kuulizia, maana ikiwa imeharibika ina dawa yake kabisa, vidonge vya erdafitinibu, Marekani viliruhusiwa 2019. Na kemo yenyewe siku hizi sio lazima iwe ya kwanza, kuna dawa mbili, enfortumabu vedotini ikichanganywa na pembrolizumabu, kwenye utafiti uliozilinganisha nusu ya waliopewa hizo walivuka miezi 31, waliopewa kemo ni kama 16.

Nitakatwa nyama tena?

Sio lazima, kipande cha biopsi ya mwanzo mara nyingi kinatosha, maabara huwa wanakitunza, ulizia kabla hujakubali kurudi theatre. Kikiwa kimeisha kuna vipimo vinatafuta DNA ya uvimbe kwenye damu.