Je, wajua kwa nini grafu ya fanksheni haikati mhimili wa y mara mbili?

Chora mhimili wa x ulale, mhimili wa y usimame, kisha chora grafu ya fanksheni yoyote uitakayo. Mhimili wa x inaweza kuukata mara mbili, mara tano, mara zisizo na idadi kama ifanyavyo grafu ya sini, wimbi linalopanda na kushuka bila kukoma, au isiuguse kabisa. Lakini mhimili wa y hutaiona hata siku moja ikiukata mara mbili. Mbona huu mmoja una kikomo na ule mwingine hauna?

Jibu limo katika maana yenyewe ya fanksheni: ukiipa x moja, inakurudishia y moja, basi. Mhimili wa y nao ni nukta zote ambazo x yake ni 0. Kwa hiyo kuuliza grafu inaukata wapi ni kuuliza, "x ikiwa 0, y ni ngapi?" Swali hilo lina jibu moja tu, au halina kabisa pale ambapo 0 haikubaliki, kama kwenye y = 1/x, maana hakuna kugawa kwa 0. Duara la x² + y² = 25 hukata mhimili wa y penye 5 na tena penye −5, na ndiyo sababu duara zima haliwezi kuwa grafu ya fanksheni.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza. Wakiambiwa watafute kikato cha y, yaani mahali grafu inapoukata mhimili wa y, mkono unakimbilia kuandika y = 0. Kosa hili huzaliwa na kukariri kanuni bila kuutazama mhimili. Weka kidole kwenye mhimili wa y, ukipandishe na kukishusha taratibu. y inabadilika: 1, kisha 2, kisha 7, ukishuka −4. Na x? Kidole hakijasogea kulia wala kushoto, x iko palepale penye 0. Ukilitenda hili mara moja kwa kidole chako mwenyewe, huhitaji tena kukariri lolote. Kikato cha y, x ni 0. Kikato cha x, y ni 0.

Chukua mshumaa wa sentimita 24 unaopungua sentimita 3 kila saa. Urefu wake baada ya saa x ni y = 24 − 3x. Weka 0 mahali pa x, unapata 24: huo ni urefu wa mshumaa kabla haujaanza kuyeyuka. Sasa weka 0 mahali pa y: 0 = 24 − 3x, hivyo x = 8. Hiyo ndiyo saa mshumaa unapozimika. Nukta ya kwanza huandikwa (0, 24), ya pili (8, 0). Ukizigeuza, umesema mshumaa ulianza na urefu wa sentimita 8, jambo ambalo si kweli.

Tazama pia jinsi kazi hizi mbili zisivyolingana kwa ugumu. Katika y = x² − 5x + 6, ukiweka x = 0, kila kilichoshikamana na x kinafutika, inabaki 6. Umemaliza. Lakini kikato cha x kinadai utatue 0 = x² − 5x + 6. Unatafuta namba mbili ambazo zikizidishwa zinatoa 6 na zikijumlishwa zinatoa 5: ni 2 na 3. Mlinganyo unakuwa (x − 2)(x − 3) = 0, na kwa kuwa zao la namba mbili haliwi 0 mpaka mojawapo iwe 0, grafu inakata penye 2 na penye 3. Ile ya y = (x − 3)² huugusa mhimili penye 3 na kurudi juu. Ile ya y = x² + 1 haiufikii, kwani x² haiwi hasi, na y haishuki chini ya 1.

Kwa ufupi, kikato cha y unakihesabu, kikato cha x unakitafuta. Na utafutaji huo umewatoa jasho wanahisabati wakubwa. Kanuni za kutatua milinganyo ya kipeo cha tatu na cha nne, yaani yenye x³ na x⁴, zilichapishwa na Girolamo Cardano mwaka 1545. Ya kipeo cha tano watu waliendelea kuisaka, hadi Niels Henrik Abel alipothibitisha mwaka 1824 kwamba hakuna kanuni ya jumla inayotumia kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawa na vipeuo (alama ya √ na wenzake) pekee.

Jaribu y = x⁵ − x − 1. Kikato chake cha y ni −1, unakipata kwa kutupia jicho. Kikato cha x kipo, kwani penye x = 1 grafu iko chini ya mhimili na penye x = 2 iko juu, nayo haikatiki katikati. Ila hakiandikiki kwa vipeuo. Kinachobaki ni kukibana kidogo kidogo: kiko kati ya 1 na 2, kisha kati ya 1.1 na 1.2, kisha kati ya 1.167 na 1.168.