Mgongo, mabega na magoti ya zimamoto na wahudumu wa ambulensi: maswali na majibu

Tumefundishwa kukunja magoti tunapoinua. Mbona bado tunaumia?

Kwa sababu mafunzo peke yake hayatoshi. Tafiti zilizofuatilia wafanyakazi waliofundishwa namna ya kuinua zimeonyesha kwamba maumivu ya mgongo hayakupungua kwa mafunzo hayo tu. Mgonjwa aliyeanguka kati ya choo na ukuta hakupi nafasi ya kuchuchumaa vizuri. Ndiyo maana kuna ergonomia, taaluma ya kupanga kazi, vifaa na mahali pa kazi viufae mwili wa binadamu, badala ya kuulazimisha mwili uvizoee.

Kinachoumiza zaidi ni umbali. NIOSH, taasisi ya Marekani inayotafiti usalama kazini, huweka kikomo cha kilo 23 kwa mzigo ulio katika hali bora kabisa: uko karibu na mwili (sm 25 tu mbele ya vifundo vya miguu), uko usawa wa nyonga, unashikika vizuri, na hujipindi. Mzigo huohuo ukiwa sm 50 mbele yako, kikomo kinashuka hadi kilo 11.5. Uzito haujabadilika, ila misuli ya kiuno inavuta kwa nguvu maradufu kuuzuia, na nguvu hiyo yote inazigandamiza diski, zile sahani za gegedu zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo.

Mgonjwa ni mzigo mgumu zaidi: hana mpini, na anaweza kushtuka wakati wowote. Kikomo kinachopendekezwa kwa kumwinua ni kama kilo 16 kwa kila mhudumu. Kwa hiyo watu wawili wakimwinua mtu wa kilo 80 kwa mikono, kila mmoja amebeba zaidi ya mara mbili ya kikomo, hata wakunje magoti namna gani.

Tukimkuta sakafuni tufanyeje?

Mpime kwanza. Kama hakuna dalili ya kuvunjika nyonga au kuumia uti wa mgongo, na ana fahamu na nguvu, mwache ainuke mwenyewe kwa hatua: alale ubavu, apige magoti, ashike kiti imara, kisha akae. Nyinyi mnamwongoza tu.

Asipoweza, msimwinue pale pembeni. Mgeuzeni ubavu, ingizeni chini yake shuka la kutelezea (kitambaa laini kinachorahisisha kumvuta) likiwa limekunjwa nusu, mrudisheni chali, kisha mvuteni hadi penye nafasi. Anayevuta atangulize mguu mmoja, ashushe nyonga, aegemee nyuma. Uzito wa mwili ndio uvute, si mikono. Machela ishushwe hadi chini kabisa kabla ya kumhamisha. Upande wa kichwa na kiwiliwili ndio mzito, basi wenye nguvu wakae huko. Mtu mmoja tu ahesabu, na mkubaliane mapema kama mnainua kwenye “tatu” au baada yake. Kutofautiana kwa nusu sekunde kunamwachia mmoja mzigo wote.

Kikosi cha ziada kiitwe kabla hamjamgusa mgonjwa. Akishakuwa hewani mmechelewa.

Na kwenye ngazi?

Tumieni kiti cha ngazi, yaani kiti cha kumteremshia mgonjwa, hasa chenye mikanda ya mpira inayotambaa chini yake, kwa sababu hicho huteleza juu ya vipandio bila kubebwa. Kama hakipo, aliye chini ndiye anayebeba sehemu kubwa, na ndiye asiyeona aendako. Mtu wa tatu asimame nyuma yake, amwekee mkono mgongoni na kumtajia vipandio vilivyobaki. Fungeni pia mikono ya mgonjwa ndani ya mikanda ya kumfungia kitini: akihisi anaanguka atadaka reli, na mshtuko huo ndio unaochana misuli ya mabega yenu.

Kukandamiza kifua kunachosha kiuno. Kuna nafuu?

Ipo. Magoti yaguse ubavu wa mgonjwa, mabega yawe juu kabisa ya viganja, viwiko vinyooke, na mwendo utoke kwenye nyonga. Badilishaneni kila dakika 2. Ukiendelea umechoka, mgongo unapinda na mikandamizo inapungua kina, kwa hiyo mnaumia nyote wawili.

Kwa zimamoto, hatari kubwa iko wapi?

Kwenye mpira wa maji uliojaa. Mpira wa mita 25 wenye kipenyo cha mm 45 hubeba karibu lita 40, yaani kilo 40 za maji. Wa mm 70 hubeba takribani kilo 96. Upangeni ukiwa mtupu, mikunjo ikae mahali mnapoweza kuivuta, ndipo maji yafunguliwe. Kila kona iwe na mtu wa kuulisha, asije aliye mbele akauvuta kwa kujipinda kiuno. Kazi ikiisha, mwageni maji yote kabla ya kuubeba.

Uzito wa mtungi wa hewa ukae nyongani: kaza mkanda wa kiuno, kisha legeza kidogo mikanda ya mabegani. Shuka garini ukiangalia gari, mkono au mguu mmoja tu ukiondoka kwa wakati mmoja. Kuruka na vifaa vyote mwilini kunapigiza magoti na vifundo. Kuhusu rafu za gari, vizito viwekwe kati ya magoti na kifua, vyepesi juu. Hili ni jambo la wakuu wa vituo, na linastahili kupiganiwa, maana rafu mbaya humwumiza kila anayeingia zamu.

Kwa nini mgongo hukaza zaidi tukiamshwa usiku?

Ukilala, diski hunyonya maji na kuvimba. Katika saa ya kwanza baada ya kuamka, kuinama hadi chini huzibana zaidi kuliko mchana. King'ora hakisubiri, lakini unaweza kuvaa buti ukiwa umekaa, kutembea ukiwa wima, na kutojinyoosha kwa kugusa vidole vya miguu.

Mazoezi gani yanafaa?

Mara 2 au 3 kwa wiki: kuinama kwa nyonga mgongo ukiwa umenyooka, zoezi la ubao (kuushikilia mwili ukiwa umenyooka kama ubao) la mbele na la ubavu, na kutembea umebeba uzito mkono mmoja. Ongeza uzito polepole.

Lini niende hospitali?

Nenda mara moja ukipata ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, ukishindwa kukojoa au kujizuia, au miguu ikilegea. Huenda neva za chini ya uti wa mgongo zimebanwa, na kuchelewa kunaweza kuacha ulemavu. Maumivu ya kawaida ya kiuno hayahitaji kulala siku nzima. Endelea kutembea kadiri unavyoweza, huku ukipunguziwa kazi nzito. Toa taarifa zamu hiyohiyo, na uandike ulikuwa unainua nini, kutoka urefu gani na mkiwa wangapi, ili kifaa au rafu iliyosababisha ibadilishwe.