Uwanja ukihamishwa, ukubwa pekee hautoshi

Wengi tumeamini kwamba uwanja wa mtaa ukihamishwa kupisha zahanati, soko au shule, hakuna kinachopotea mradi eneo jipya lina ukubwa uleule. Ni wazo linaloeleweka: kwa macho, uwanja ni nafasi wazi yenye magoli mawili.

Kazi kubwa ya uwanja, hata hivyo, imo chini ya nyasi. Udongo wa kujazia huendelea kutitia baada ya kusawazishwa, na usiposhindiliwa vizuri huacha mabonde yanayotuamisha maji. Nyasi mpya nazo huhitaji miezi kadhaa kushika mizizi kabla ya kukanyagwa. Kwa hiyo uwanja wa zamani ukifungwa kabla mpya haujawa tayari, watoto hukosa pa kuchezea kwa muda mrefu, na hilo linaniuma kuliko yote.

Umbali pia una uzito. Uwanja ulio ng'ambo ya barabara kuu, kwa mtoto wa miaka minane, ni kama haupo.

Mambo haya unaweza kuyapima mwenyewe. Nenda eneo jipya siku moja baada ya mvua kubwa uone maji yamesimama wapi. Lipime kwa hatua: sheria za soka hutaka urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90. Kisha omba kuona ramani ya mipango miji, uhakikishe eneo hilo limeandikwa kuwa la michezo.