Picha ya mvuvi ni ya nani?

Wapo wapiga picha waliotumia umri wao kuwafuata watu wa kazi wa Pwani: wavuvi wa Vanga, mafundi wa majahazi wa Matondoni, makuli wa Kilindini. Bila wao tungekuwa na kumbukumbu chache mno. Ndiyo maana inaniuma swali lile lile la wapiga picha linaporudi kila tunapokwenda kuhamasisha kuhusu idhini ya anayepigwa picha: "Alikuwa ufuoni, mahali pa wazi. Ruhusa ya nini?"

Sura ya mtu anayetambulika ni data yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, awe sebuleni kwake au awe majini Kibuyuni akivuna mwani. Ufuo haubadilishi hilo. Ni kweli kifungu cha 52 kimewaachia nafasi wanahabari na wasanii pale uchapishaji unapokuwa na maslahi ya umma. Lakini ukimpiga mama picha kwa ajili ya maonyesho, kisha miaka kumi baadaye ukaiuza kwa tangazo la sabuni, umehama kwenye nafasi hiyo. Matumizi ya biashara yanadai idhini ya wazi (kifungu cha 37), na idhini ya maonyesho haivuki ikafika huko.

Kuthibitisha idhini ni juu yako, si juu yake. Inaweza kuwa karatasi, inaweza kuwa sauti iliyorekodiwa, mradi alielezwa kwa lugha anayoielewa picha inakwenda wapi. Kununua samaki wake si idhini. Kwa mtoto anayeruka majini gatini, idhini hutoka kwa mzazi au mlezi. Mtu anaweza kuiondoa idhini yake wakati wowote. Yaliyofanyika kihalali kabla ya hapo hayageuki kuwa kosa.

Mlalamikaji anaweza kufika kwa Kamishna wa Data akasema kwa mdomo. Si lazima aandike. Lalamiko huchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90. Faini ya kiutawala haizidi shilingi milioni 5 au, kwa kampuni, asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Naam, ndogo, wengi husoma kinyume. Anayepuuza notisi ya utekelezaji, yaani amri ya Kamishna ya kurekebisha kosa, bila sababu ya msingi anatenda kosa la jinai: faini isiyozidi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili.

Nao wanaopigwa picha wasikie: sura ni yako, hakimiliki si yako. Hiyo ni ya mpiga picha, kwa miaka 50, hata asipoisajili. Usajili humsaidia kwenye ushahidi tu. Picha ya kuagizwa, kama ya harusi, kwa kawaida huenda kwa aliyeagiza, isipokuwa mkataba useme vingine.

Kwa warithi wenye sanduku la negativu za marehemu: kuziuza hakuhamishi hakimiliki. Uhamisho huo lazima uandikwe na kutiwa sahihi. Kabla ya kuuza chochote, kaeni na wazee wanaozijua sura zile, mwandike nyuma ya kila picha jina, mahali na mwaka.