Kwa nini jiwe la kwanza ndilo gumu kulitupa?

Umati unapompiga mtu mawe, mawe hayaanzi kurushwa yote kwa mara moja. Hutangulia moja, kisha mengine hufuata kama mvua. Kwa nini la kwanza lisite, na la kumi lirushwe bila hata kufikiriwa?

Mwanafikra Mfaransa René Girard (1923–2015), mzaliwa wa Avignon aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alijibu kwamba binadamu huiga. Haigi lugha na mavazi tu. Huiga pia tamaa na chuki. Wa pili kurusha anamwiga wa kwanza, wa tatu anaiga wawili. Wa kwanza hana wa kumwiga, hivyo uamuzi ni wake peke yake.

Torati ililijua jambo hili. Kumbukumbu la Torati 17:6-7 inakataza kumuua mtu kwa neno la shahidi mmoja, tena inaagiza mashahidi wenyewe waanze kupiga. Anayesema "nilimwona" aubebe na uzito wa kuua. Ndiyo maana Stefano, mfuasi wa Yesu, alipouawa kwa mawe, waliovua nguo zao na kuziweka miguuni pa Sauli ni mashahidi (Matendo 7:58).

Katika Injili ya Yohana, sura ya 8, Yesu analetewa mwanamke aliyefumaniwa akizini, ambaye kwa sheria ilibidi apigwe mawe. Yesu hasemi kwamba hana kosa, wala haipingi sheria. Anaongeza sharti moja tu: wa kwanza kutupa awe hana dhambi. Hapo umati unakosa wa kuuongoza. Mtazame pia anavyokaa: anainama, anaandika chini, anasema, anainama tena. Girard aliona hili si jambo dogo, kwa sababu kumkazia macho mtu aliyewaka hasira ni kumchokoza. Kisha wanatoka mmoja mmoja, wazee wakitangulia. Kumbe hata kuondoka huigwa!

Mwandishi Mgiriki Philostratus, wa karne ya 3, ana kisa kinachokwenda kinyume kabisa. Tauni iliingia mji wa Efeso, na Apollonius wa Tyana, mwanafalsafa aliyesifika kwa miujiza, akawaamuru watu wampige mawe ombaomba mzee. Walisita, wakamwonea huruma. Akashikilia. Baadhi walipoanza kurusha, mzee akawatupia jicho kali, nao wakasema macho yake yamejaa moto, basi ni pepo. Wakamfukia kwa mawe. Philostratus anakisimulia kama muujiza, lakini angalia mpangilio: "ushahidi" ulionekana baada ya mawe kuanza.

Vikongwe wa Usukuma, Tanzania, waliouawa kwa tuhuma za uchawi walihukumiwa kwa sababu ya macho yao mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Na kelele ya "mwizi!" mtaani huenda vivyo hivyo: anayefika mwisho hupiga bila kujua kilichoibwa.

Kwa hiyo nafasi ya kuokoa maisha ni kabla ya pigo la kwanza. Uliza kwa sauti ya kawaida: "Nani aliona? Aliona nini?" Swali hilo linamtafuta shahidi, na mara nyingi hayupo. Usiutukane umati wala kuutisha, maana utaiga hasira yako. Mwombe mzee anayeheshimika aondoke na wenzake, huku mtuhumiwa akiingizwa ndani ya nyumba au duka na polisi wakiitwa. Mapigo yakishaanza, maneno peke yake hayatoshi. Watahitajika watu kadhaa wa kumzunguka na kumtoa.