Bobby Orr Hahitaji "Laiti"

Juzi usiku, baada ya mazoezi, mzazi mmoja alinisubiri mlangoni pa uwanja, mikono mfukoni kwa baridi. "Kocha," akaniambia, "laiti Orr asingeumia goti, angekuwa mkubwa kuliko wote." Alidhani ananifurahisha, kwa sababu anajua jinsi ninavyowaonyesha mabeki wangu video za Bobby Orr, beki wa zamani wa Boston Bruins katika hoki ya barafu, mpaka wanachoka. Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na karibu kila mara inatoka kwa watu wanaompenda Orr. Nimechoka kuitikia kwa kichwa tu.

Nikiwafundisha vijana ulinzi, siwapi alama kwa mpira ambao wangeukata kama wasingeteleza. Kwa nini basi mchezaji huyu, kati ya wote, tumpime kwa misimu ambayo hakuicheza? Wanaomtetea kwa "laiti" wanakubali bila kujua kwamba alichokifanya hakitoshi. Mimi nasema kinatosha, na kinabaki.

Wale wanaohesabu jumla ya maisha yote ya mchezaji niwamalize haraka. Wananiambia Ray Bourque, beki mwingine, ana pointi 1,579 (goli ni pointi moja, na asisti, yaani pasi ya goli, ni moja) na Orr ana 915, hesabu imekwisha. Bourque alicheza mechi 1,612, Orr 657. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Tuendelee.

Msimu wa 1970-71 Orr alipata pointi 139: magoli 37, asisti 102. Beki. Beki mwenye asisti mia na mbili! J.C. Tremblay wa Montreal, mmoja wa mabeki bora wa wakati ule katika kupeleka mpira mbele, alipata 63. Rudi nyuma kidogo uone alikokuta mambo: rekodi ya magoli ya beki kwa msimu mmoja ilikuwa 20, ya Flash Hollett, tangu 1944-45. Orr akafunga 21 msimu wa 1968-69, kisha 33, kisha 37 mara mbili mfululizo, na mwaka 1975 akafikisha 46. Hadi leo ni beki pekee aliyewahi kuongoza ligi nzima, NHL, kwa pointi, na alifanya hivyo mara mbili, 1970 na 1975.

Hapo ndipo huja hoja inayonikera kuliko zote: kwamba ligi ilikuwa dhaifu. Ni kweli, mwaka 1967 ligi ilipanda kutoka timu 6 hadi 12 kwa mkupuo, zikawa 14 mwaka 1970, na 18 ilipofika 1974. Tangu 1972 ligi pinzani ya WHA nayo ikawa inavuta wachezaji. Kulikuwa na timu dhaifu, tena nyingi, na magoli yaliongezeka. Lakini hebu fikiri. Timu dhaifu hizo alizikuta Orr peke yake? Tremblay alicheza nazo. Brad Park alicheza nazo. Mabeki wote wa Chicago, Toronto na Detroit walizikuta palepale, kwenye barafu ileile. Kama chakula kilikuwa kimetengwa mezani kwa kila mtu, mbona aliyeshiba ni mmoja? Kipimo changu ni umbali kati yake na wenzake wa kazi hiyohiyo, mwaka huohuo. Udhaifu wa ligi unapandisha namba za wote, hauwezi kueleza pengo la 139 na 63.

Ukitaka kuona kinyume chake, mtazame Paul Coffey, beki wa miaka ya 1980. Msimu wa 1985-86 alifunga magoli 48 na kuvunja rekodi ya Orr, akaishia pointi 138. Coffey alikuwa na Wayne Gretzky, mshambuliaji bora wa wakati wake, mbele yake, na ligi ile ilikuwa inatoa magoli karibu 8 kwa mechi. Mwaka wa Orr yalikuwa zaidi kidogo ya 6. Na bado Coffey alipungukiwa na pointi moja.

Sasa hesabu ya jumlisha na toa. Timu yako ikifunga wewe ukiwa barafuni unapata moja, mkifungwa unapunguzwa moja, na magoli yanayofungwa na timu yenye mtu zaidi hayaingii. Orr 1970-71: jumlisha 124. Haijafikiwa. Najua kasoro za kipimo hiki, nami huwakataza vijana wangu kukitumia kusutana: mchezaji wa kawaida kwenye timu nzuri anaonekana mfalme. Bruins walifunga magoli 399 mwaka ule, na wafungaji wanne wa kwanza katika ligi wote walikuwa wao. Ndiyo maana namlinganisha na wenzake wa chumba kimoja cha kubadilishia nguo. Phil Esposito alipata pointi nyingi kuliko Orr, 152, ila jumlisha yake ni 71. Aliyemkaribia ni Dallas Smith, 94, ambaye ndiye aliyekuwa akicheza beki pamoja naye. Larry Robinson alifika 120 mwaka 1977, katika kikosi cha Montreal kilichopoteza mechi 8 tu kati ya 80. Bruins ya Orr ilipoteza 14.

Wanaosema alikuwa mshambuliaji aliyesahau kulinda wamtazame timu yake ikiwa na mtu pungufu kwa sababu ya adhabu. Beki wa kawaida hapo anaupiga mpira mbali na kwenda kupumzika. Orr alibaki nao. Alizunguka nyuma ya goli lake, akatoka, akarudi, watu watatu wanamfukuza na dakika zinakwisha. Alikuwa beki wa kupanda na kushuka, na kushuka kwake kulikuwa kwa kasi ileile ya kupanda. Hicho ndicho ninachowaonyesha vijana, siyo ile picha.

Ile picha mnaijua: tarehe 10 Mei 1970, Orr yuko hewani kama anaogelea, ameshaifunga St. Louis sekunde 40 baada ya muda wa nyongeza kuanza, na Boston inachukua Kombe la Stanley, ubingwa wa ligi, la kwanza tangu 1941. Ni picha nzuri. Lakini Bruins walikuwa wanaongoza fainali mechi tatu kwa bila, na kwa mwaka ule mimi ningeanza na kingine: Norris (beki bora), Hart (mchezaji bora wa ligi), Art Ross (pointi nyingi kuliko wote) na Conn Smythe (mchezaji bora wa mechi za mtoano), tuzo nne kwa mtu mmoja ndani ya msimu mmoja. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo.

Nina mashaka yangu pia, na sitayaficha. Makombe ni mawili tu. Mwaka 1971, katika msimu wake mkubwa kuliko yote, walitolewa raundi ya kwanza na Montreal, kipa akiwa Ken Dryden, kijana mgeni kabisa. Linaloniuma zaidi ni msimu wa 1975-76. Orr alicheza mechi 10 pekee, na Bruins wakamaliza na pointi 113 za msimamo wa ligi. Mwaka uliotangulia, Orr akiwa mzima na pointi zake 135, timu ilikuwa na 94 za msimamo. Ninaweza kueleza kwamba walimpata Park na Jean Ratelle Novemba, msimu ukiwa mchanga, kwamba kocha Don Cherry alikuwa ameshawashika vizuri. Maelezo hayo ni ya kweli na bado hayanitoshi.

Nimewahi pia kumtumia Esposito kama ushahidi kwamba Orr ndiye aliyemwinua: alipokuwa Chicago kabla ya Boston hakuvuka pointi 61, na alipohamia New York hakuna msimu kamili aliovuka 81. Siku hizi naitumia kwa uangalifu, maana New York alifika akiwa na miaka 33.

Na goti? Lilimuua kweli kimchezo. Septemba 1976, goti likiwa limeharibika hivyo, alicheza Kombe la Kanada, mashindano ya timu za taifa, na kuchaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Baada ya hapo alicheza mechi 26 tu Chicago, na mwaka 1978 akastaafu. Hayo aliyafanya, hayahitaji "laiti".

Kwa hiyo namweka wa pili kati ya wachezaji wote wa hoki. Gretzky ni wa kwanza, kwa kipimo kilekile cha umbali: tuzo tisa za Hart, nane kati ya hizo mfululizo, na asisti 1,963, nyingi kuliko pointi zote za mchezaji mwingine yeyote. Pengo kama la Orr, lililodumu zaidi. Mario Lemieux namweka wa nne. Anayenisumbua ni Gordie Howe, aliyekaa ndani ya watano bora wa pointi misimu 20 mfululizo. Kila mwaka msimu unapoanza huwa narudi kumtazama, na kila mwaka nambakisha wa tatu, mkono ukisita.