Ufafanuzi: Kijiti cha Wii hakiwarekodi wachezaji

Katika makundi ya WhatsApp ya wapenzi wa gemu hapa Dodoma, unazungushwa tena ujumbe wa siku nyingi unaodai kwamba kile kijiti chembamba cha Wii, mashine ya gemu ya Nintendo, kinachowekwa juu ya televisheni ni kamera inayowarekodi watu sebuleni. Si kweli. Kijiti hicho kina taa za infraredi tu, yaani mwanga usioonekana kwa macho. Kamera ndogo imo kwenye ncha ya rimoti, nayo huziona taa hizo ili kukadiria mahali unapolenga, ilhali kipimamwendo kilichomo humo humo ndicho kinachohisi mkono unavyopiga raketi ya tenisi.

Kinachochanganya ni kwamba ukichomoa waya wa kijiti, kielekezi hupotea kwenye skrini, na mtu hudhani kifaa kimepofuka. Isitoshe, Kinect, kifaa cha mashine ya gemu ya Xbox 360 ya Microsoft kilichotoka mwaka 2010, kweli kilikuwa na kamera.

Tafadhali usiusambaze ujumbe huo kabla ya kukagua. Washa Wii, kisha tazama kijiti kupitia kamera ya simu, hasa ya mbele, kwa kuwa nyingi za nyuma huchuja mwanga huo. Utaona vidoa vyeupe au vya zambarau pande zote mbili. Hata mishumaa miwili huweza kushika nafasi ya kijiti, ingawa moto karibu na televisheni siushauri.